Muulize Dada Fundi: C Imejaa, D Inapiga Miayo

Barua za mwezi huu karibu zote ni za diski. Nimechagua sita. Wale wa "laptopu yangu nzito" na wale wa printa inayokula karatasi, subirini toleo lijalo.

Dada Fundi, za kazi? Laptopu yangu ni Dell ya mtumba, diski ya GB 500 iliyokatwa vipande viwili, C na D. C ina GB 97 na iliyobaki haifiki GB 1, mstari umekuwa mwekundu. D ni kubwa kuliko GB 360 lakini nimewekamo mitihani ya kidato cha nne tu. Niliingia Disk Management, ile sehemu ya Windows ya kugawa diski, nikapunguza D kwa GB 100, ikatokea sehemu yenye mstari mweusi. Lakini nikibofya C, maneno "Extend Volume" yamefifia, hayabonyezeki. Fundi wa hapa anasema dawa ni kupiga Windows upya. Ni kweli?
*Mwalimu wa sekondari, Iringa*

Mwalimu, shikamoo. Si kweli, na laptopu usimwachie bado.

Hiyo 97 naifahamu. Aliyekupigia Windows aliandika 100000 kwenye kisanduku cha ukubwa akijua anakata GB 100. Kisanduku kile kinahesabu kwa MB, na Windows inataka MB 1,024 ndipo ihesabu GB moja, kwa hiyo ikatoka 97. Laptopu za mtumba zinazofika mezani kwangu zina C za 97 mpaka nimezizoea. Ni mkono wa mafundi wa enzi za Windows XP: C ndogo ya mfumo, D kubwa ya mali ya mwenyewe. Enzi hizo C ya namna hiyo ilikuwa ukumbi wa harusi. Leo Windows 11 inadai diski isiyopungua GB 64 kabla hujaweka hata programu moja ya kwako.

Tuje kwenye "Extend" iliyofifia. Rudi Disk Management utazame ule mchoro wa chini, usome kutoka kushoto kwenda kulia. Mwanzoni kuna kipande cha MB 100 hivi kilichoandikwa EFI. Hicho ndicho kinachoiamsha Windows. Kinafuata C. Baada ya C, mara nyingi, kuna kipande cha MB mia tano na kitu kisicho na herufi yoyote, kimeandikwa Recovery Partition. Halafu D. Mwisho kabisa ndiyo ile sehemu yako yenye mstari mweusi.

Windows hukubali kuikuza C pale tu nafasi tupu inapoigusa ubavuni, upande wa kulia. Na ulipoipunguza D, ilikata mkia wake. Hukata mkiani siku zote, haikati kichwani hata ufanyeje. Kwa hiyo GB zako 100 zipo kweli, hazijapotea, ila zimekaa mwisho wa diski, na kati yake na C kuna D nzima pamoja na hicho kipande cha Recovery. Ndiyo maana neno limefifia.

Lakini kabla ya kuhamisha kuta, tuiulize C imekula nini. Andika "Disk Cleanup" kwenye sehemu ya kutafutia, ichague C, kisha bofya "Clean up system files". Ukiona "Previous Windows installations", hiyo ni Windows yako ya zamani iliyobaki baada ya kupandisha toleo, na inaweza kuwa na GB nyingi kuliko faili zako zote. Kama toleo jipya linaenda vizuri, ifute. Kuna na faili moja kubwa iliyojificha, hiberfil.sys, ya kuilaza kompyuta kwa Hibernate, yaani inazima huku ikikumbuka ulichofungua. Kwenye laptopu yenye RAM ya GB 8 hula GB 3 na ushee. Kama huna desturi ya kuilaza, fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, andika powercfg /h off, ubonyeze Enter. Faili linaondoka hapo hapo.

Baada ya hapo hamisha mali zako. Ndani ya D tengeneza folda mpya, iite Nyaraka. Rudi kwenye folda ya Documents, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, Properties, kisha kichupo cha Location, bonyeza Move, uielekeze kwenye ile Nyaraka. Usiielekeze D yenyewe tupu bila folda. Windows itaigeuza D nzima kuwa Documents, na kuirudisha ni usumbufu. Fanya vivyo hivyo kwa Downloads, Pictures na Videos, kila moja na folda yake. Kuanzia hapo kila unachopakua kinakwenda D chenyewe. Walimu wengi wakifika hatua hii hawaniulizi tena habari ya partisheni, yaani hivyo vipande vya diski.

Ukiona bado haitoshi, fanya hivi. Nakili kila kilichomo D kwenye diski ya nje, ukifungue huko uhakikishe kinasomeka. Kisha ifute D. Kama hakuna Recovery katikati, "Extend" ya C itawaka papo hapo. Chukua GB 100, na kilichobaki kitengenezee D mpya. Recovery ikiwa katikati, usiifute ili upite. Inatakiwa isogezwe, na Disk Management haina uwezo huo. GParted inao, ni ya bure, inawashwa kutoka kwenye flashi. Kusogeza partisheni ni kuhamisha data zenyewe, kipande baada ya kipande, na umeme ukikatika katikati, hapo ndipo utakapomhitaji fundi kweli. Betri ya laptopu ya mtumba haidumu robo saa. Kwa hiyo hatua hii ifanyie mahali penye UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, au mpe fundi, ila umwambie kwa mdomo wako: "Nataka usogeze, sitaki upige upya."

Na mitihani ya kidato cha nne, kuiweka D si kuihifadhi. C na D ni vyumba viwili chini ya paa moja, moto ukishika vinaungua vyote. Weka nakala kwenye flashi, na flashi isikae kwenye begi moja na laptopu.

Dada yangu, nimenunua laptopu imeandikwa GB 500 kwenye boksi. Nikifungua naona 465. Zangu 35 zimekwenda wapi? Muuzaji anacheka tu.
*Msomaji, Mombasa*

Mwache acheke, hajakuibia. Mwenye kiwanda anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows inahesabu 1,024 mara 1,024 mara 1,024. Chukua bilioni 500 ugawe kwa hiyo, utapata 465. Kwa hesabu hiyo hiyo diski ya TB 1 inaonyesha 931, na ya GB 256 inaonyesha 238. Wa kumwogopa ni yule anayekuuzia flashi ya TB 2 kwa bei ya soda. Ile itaonyesha TB 2 vizuri kabisa, ila ukijaza picha za harusi, zinazozidi ukubwa wake wa kweli huzipati tena.

Dada Fundi, shikamoo. Niko mwaka wa tatu. Eksteno yangu ya TB 1 ilichomoka kwenye laptopu wakati nanakili data za utafiti. Sasa nikiichomeka inaniambia "You need to format the disk before you can use it". Nikiangalia Properties imeandikwa RAW. Rafiki yangu anasema nibonyeze Format halafu nitafute programu ya kurudisha. Nisaidie, data zote zimo humo.
*Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba, mdogo wangu. Bonyeza Cancel. Kila itakapouliza, Cancel. Na huyo rafiki mwambie ashughulike na diski yake.

RAW maana yake Windows imeiona diski lakini imeshindwa kusoma mpangilio wake, ile orodha inayosema faili fulani linaanzia wapi na kuishia wapi. Ilichomoka ikiwa inaandika, orodha ikabaki nusu. Data zako zinaweza kuwa zimelala pale pale zilipokuwa. Kinachozimaliza ni kuandika juu yake, na kufomati ni kuandika.

Anza na waya. Usinicheke, waya wa eksteno ukilegea unaleta vituko vyote hivi. Badili waya, badili tundu, jaribu kompyuta nyingine. Halafu weka sikio kwenye diski. Ikivuma kawaida, endelea. Ikigonga, tik, tik, tik, ichomoe na usiiwashe tena nyumbani; hapo ni ugonjwa wa mwili, programu haitibu, na kila dakika inayozunguka inajikwaruza zaidi. Kama haigongi, tumia CrystalDiskInfo uone afya yake. Ikikuandikia Caution kwa rangi ya njano, fanya haraka na usirudie rudie.

Utakuta wengi wanakushauri chkdsk. Mimi siiwashi kabla sijatoa data. Chkdsk kazi yake ni kuurudisha mpangilio ukae sawa, na kipande ambacho hakieleweki inakikata na kukitupa kwenye folda la FOUND.000 kwa majina ya namba. Mpangilio utapona, utafiti wako utakuwa umekatwa vipande.

Tafuta TestDisk, ya Christophe Grenier. Ni ya bure. Haina sura ya kuvutia, ni maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, mishale ndiyo kipanya chako. Chagua eksteno yako kwa kuangalia ukubwa. Hakikisha ni ile ya 931, isije ikawa diski ya laptopu. Kubali aina ya jedwali inayokupendekezea, ingia Analyse, halafu Quick Search. Ikikuletea partisheni yako, bonyeza herufi P. Hapo ndipo wateja wangu huwa wanashusha pumzi, maana majina ya folda zao yanajipanga yote kwenye skrini. Bonyeza "a" kuchagua yote, kisha C kubwa kunakili, na pa kunakilia pawe diski nyingine kabisa. Usibonyeze Write. Tunachotaka kwanza ni kutoa mali. Habari ya kutengeneza eksteno itafuata.

TestDisk ikishindwa, inakuja na ndugu yake anaitwa PhotoRec. Huyu hajali orodha, anapekua diski yote akitafuta alama za mwanzo za faili: hii ni picha, hii ni hati ya Word, hii ni PDF. Anapata vingi ila majina hayarudi, utapewa namba na itabidi ufungue kimoja kimoja.

Bahati yako ni diski ya kuzunguka. Ingekuwa SSD, ile diski isiyozunguka, na umefuta mwenyewe, nisingekupa matumaini hivi, kwa sababu SSD nyingi zinaambiwa na Windows zisafishe nafasi iliyofutwa, na zikishasafisha TestDisk haikuti kitu.

Dada, nina duka la vitenge na hesabu zangu zote ziko kwenye laptopu niliyoinunua kwa mtu, Windows 11. Nilimpelekea kijana aniwekee programu, akaingia kwenye ule ukurasa wa F2 akabadilisha mambo. Sasa kila nikiwasha ni skrini ya bluu, BitLocker, inataka namba ya tarakimu 48. Sijawahi kupewa namba yoyote. Kijana anasema tufomati.
*Mfanyabiashara, Arusha*

Dada yangu, pole. Kijana akifomati laptopu itapona na hesabu zitakufa. Azuie mkono.

BitLocker imeifunga diski yako kwa siri, na ufunguo unatunzwa na kijidude kilichomo ndani ya kompyuta kiitwacho TPM. Kila asubuhi TPM inaangalia kama mashine ni ile ile na imewashwa kwa njia ile ile. Ikiridhika inaifungua diski bila wewe kujua. Kijana alipobadilisha mambo kwenye F2, TPM ikaona mgeni, ikakataa. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumwambia arudishe kila alichogusa kama kilivyokuwa. Mara nyingi ni Secure Boot, ile kinga inayohakiki kinachowasha mashine, iliyozimwa. Ikirudishwa, mara nyingi laptopu inafunguka bila kuuliza namba.

Ikigoma, namba iko mahali. Wewe hukuiweka, Windows iliiweka. Tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024, mashine nyingi zinajifunga zenyewe pale mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na namba inakwenda kwenye akaunti hiyo. Swali ni akaunti ya nani. Kama ulifungua ya kwako, chukua simu, ingia aka.ms/myrecoverykey, ulinganishe kile kitambulisho kifupi cha kwenye skrini ya bluu na kilichoandikwa pale. Kama laptopu ilikuja na akaunti ya aliyekuuzia, namba iko kwake. Mpigie. Hakuna njia ya dirishani. Anayekuambia ana programu ya kuvunja BitLocker anataka nauli.

Ikishafunguka, nenda Settings, Privacy & security, Device encryption. Izime au ubaki nayo, hiari yako. Mimi kwa mtu anayesafiri na laptopu yenye hesabu za watu ningeiacha. Ila namba iandike kwenye daftari la duka.

Umeme ulikatika nikiwa naitumia laptopu, betri ilishakufa. Tangu hapo inafika kwenye nembo, inazunguka vidoti, basi. Naweza kuiokoa bila kupoteza picha za watoto?
*Baba wa watatu, Kigoma*

Unaweza, kaka, na utazitoa picha kwanza kabla ya kutibu chochote.

Iwashe, nembo ikitokea shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Rudia. Ukiikatiza hivyo, kwenye mara ya tatu Windows inajishtukia na kuandika "Preparing Automatic Repair". Iache. Itakuletea skrini ya bluu yenye "Advanced options". Hiyo skrini inatoka kwenye kile kipande cha Recovery nilichomwambia Mwalimu asikifute.

Ingia Troubleshoot, Advanced options, Command Prompt. Kwenye giza lile andika notepad. Ndiyo, Notepad ile ile ya kuandikia. Bofya File, Open, na pale chini palipoandikwa Text Documents weka All Files. Hilo dirisha dogo sasa ndilo njia yako ya kuingia kwenye diski nzima. Chomeka flashi, ingia This PC. Usishangae herufi zikiwa zimebadilishana, C yako ikaitwa D. Fungua ile yenye folda la Users. Tafuta picha, bofya kulia, Copy, nenda kwenye flashi, Paste. Haitakuonyesha mstari wa kunakili unasonga, itaonekana kama imeganda. Haijaganda, inanakili. Kanywe chai.

Picha zikishatoka, rudi kwenye ile menyu ujaribu Startup Repair. Ikishindwa, jaribu System Restore, ingawa kwenye mashine nyingi nakuta imezimwa na haina siku ya kurudia. Mwisho ni "Reset this PC" na "Keep my files". Hiyo inaacha vilivyomo kwenye folda yako na kuondoa programu zote ulizoweka, kisha inakuachia orodha yake kwenye desktop. Itauliza Cloud download au Local reinstall. Ya kwanza inavuta zaidi ya GB 4 kutoka mtandaoni, kwa hiyo kama unatumia bando la simu chagua Local.

Laptopu yangu ya HP ina D imeandikwa RECOVERY, imejaa, kila siku inanipigia kelele "Low Disk Space". Niifute?
*Mzee wa Lamu*

Shikamoo, mzee wangu. Tazama kwanza ndani. Kelele ile mara nyingi inaanza mtu akihifadhi mambo yake humo bila kujua. Kama kuna nyaraka zako, zihamishe C, na kelele itakoma.

Kilichobaki ni Windows ya kiwandani, ile ya siku laptopu ilipotoka kwenye boksi, inayoitwa kwa F11. Kama ilitoka na Windows 8 na sasa unatumia 10, F11 itakurudisha kwenye 8, na sidhani kama unaitaka. Tafuta flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, pakua Media Creation Tool kwenye tovuti ya Microsoft, iache ikuandalie flashi ya kupigia Windows. Namba ya leseni usinunue mtaani. Leseni ya kidijitali imeshikana na bodi ya laptopu yako, ukipiga upya na kuingia mtandaoni inajitambua yenyewe.

Flashi ikiwa tayari na umeijaribu kuwa inawaka, D hiyo unaweza kuifuta. Vile vipande vidogo visivyo na herufi, cha MB 100 na cha MB mia tano, viache kama vilivyo, hata mjukuu akikuambia vinachukua nafasi.